Chapa ya biashara ni jina la mwenyewe kabla ya kuwa sifa

Neno 'chapa' lina kazi nyingi katika Kiswahili. Vitabu hupigwa chapa. Ng'ombe naye hupigwa chapa ili akipotea ajulikane ni wa nani. Siku hizi wanaowafunza wenye biashara ndogo ndogo mbinu za kuvutia wateja wamelitwaa neno hilo hilo na kulipa maana pana: jina, nembo, rangi na maandishi yanayoitambulisha biashara. Sina ugomvi na upanuzi huo. Shaka yangu ni kwamba maana ya zamani inasahaulika. Chapa ya ng'ombe haisemi kwamba ng'ombe ni mzuri. Husema mwenyewe ni nani.

Mombasa ililijua jambo hili kitambo. Mwishoni mwa karne ya 19, Kaderdina Hajee Essak, aliyefahamika zaidi kwa jina la Abdulla, alianzisha biashara ya nguo mjini humo. Kanga zake zikaja kutambulika kwa alama iliyopigwa kwenye kitambaa: 'K.H.E. – Mali ya Abdulla'. Tazama kirai hicho. Hakina kivumishi cha sifa hata kimoja. (Walimu watanikumbusha kwamba 'ya Abdulla' ni kivumishi cha a-unganifu. Naam, lakini hakisifu chochote, kinamilikisha tu.) Hakuna 'bora', hakuna 'maridadi'.

Kwa nini kirai kikavu namna hiyo kiaminiwe? Anayenunua kanga hawezi kujua akiwa dukani iwapo rangi itachuja. Atajua nyumbani, baada ya kuifua. Neno 'bora' halimsaidii wakati huo. Linalomsaidia ni jina, kwa sababu jina lina mlango wa kubisha. Aliyeandika 'mali ya Abdulla' amekubali kusemwa vibaya kanga ikichuja, na kurudiwa isipochuja.

Sasa linganisha na mabango ya mitaani kwetu. Kinyozi ana kiti kimoja na kioo chenye ufa, ila ubao wasema 'Executive'. Jirani yake ni 'Bora', anayefuata ni 'Bora Zaidi'. Mwanafalsafa H. P. Grice, katika makala yake mashuhuri ya 1975, alieleza kwamba mazungumzo huendeshwa kwa matarajio fulani, mojawapo likiwa kwamba msemaji hatasema asichokuwa na ushahidi nacho. Msomaji wa bango hana haja ya kumsoma Grice. Anajua kwamba kujisifu hakumgharimu mtu kitu, basi macho yake hulipita neno 'bora' kana kwamba halipo. 'Maziwa ya asubuhi hii' ni kauli tofauti kabisa. Inaweza kupimwa, na aliyeiandika anajua hivyo.

Sisemi haya ili kuwalazimisha wauzaji watumie Kiswahili sanifu. 'Kibandaski' ni neno linaloeleweka na halimdanganyi mtu. Hata kosa la tahajia kwenye ubao wa kinyozi tutalicheka na kunyolewa vilevile. Lakini kosa hilo hilo likiwa kwenye mfuko wa unga, pale palipoorodheshwa viambato, mama mwenye mtoto mchanga atasita, na ana haki ya kusita: aliyeshindwa kuandika 'wimbi' vizuri huenda pia hakuupima vizuri.

Mwanafunzi wangu wa zamani anayesaga unga wa uji alinitumia picha za mifuko miwili aliyochorewa, akitaka nimchagulie. Mmoja ulikuwa na jina la Kiingereza la maneno matatu na rangi ya dhahabu. Mwingine ulikuwa na jina analoitwa sokoni, Mama pamoja na jina la kifungua mimba wake. Nilimuuliza kwanza pesa zinalipwa wapi. Kumbe tili yake imesajiliwa kwa jina la tatu, la biashara ya viatu aliyoiacha, na WhatsApp ina jina la nne.

Hapo ndipo imani inapovuja siku hizi, kuliko kwenye nembo. Mteja akilipa kwa M-Pesa, ujumbe wa uthibitisho humtajia jina la aliyepokea. Akiwa amenunua uji na simu imtajie viatu, hata kama ni mteja wa miaka mitatu, moyo utaruka. Matapeli wamemfunza hivyo. Mchoraji wa nembo hawezi kuliponya hilo kwa rangi.

Nilimshauri achukue mfuko wa jina la sokoni, asajili jina hilo hilo kwenye tili, alitumie pia kwenye WhatsApp, na achague rangi moja asiibadilishe kila msimu. Mahali pa maneno ya sifa nikamwomba aandike tarehe ya kusagwa, viambato kwa mpangilio wa wingi wake, na nambari ya simu anayoipokea mwenyewe. Kuhusu tarehe alilalamika: mifuko isiyouzwa mapema itaonekana imechakaa. Itaonekana, nikamjibu, na ndiyo sababu mnunuzi ataisoma.