TUSITIE SAHIHI TUSICHOKIELEWA
Maneno ya Kiingereza yanayohusu mwili wa mtoto, na haki ya mzazi kuuliza



Kwa miaka mingi chama chetu kimefundisha jambo moja: usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Tulilisema katika mashamba ya miwa, tukalisema katika viwanda vya saruji, kila mara tajiri alipoleta mkataba wa Kiingereza na kalamu mkononi. Safari hii tunalisema tena, lakini karatasi yenyewe ni ya hospitali.

Jioni moja mwanachama wetu, mkata miwa wa upande wa Busia, alifika ofisi ya tawi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mtoto wake wa miaka 13, aliyelelewa kama msichana, alikuwa hajaona mwezi, na sauti yake ilianza kuwa nzito. Mama alidhani ni kifua. Walipofika hospitali waliambiwa maneno mengi kwa Kiingereza, kisha wakaonyeshwa mahali pa kuweka dole gumba. Baba alikataa. Hakukataa kwa ujuzi, alikataa kwa woga.

"Ndugu Katibu," alituambia, "nisomee hii. Mimi nimeshika neno moja tu, 'operation'."

Tukasoma. Na elimu yetu ya shule ya msingi, herufi zote tulizitamka, maana hatukuipata. Tuliona haya. Tulikuwa tumewasomea wenzetu mikataba ya mishahara, na sasa mwili wa mtoto umetushinda. Ndipo tukamwomba mama mmoja muuguzi mstaafu, naye akakubali kutufundisha Jumapili alasiri katika ukumbi wa tawi. Tuliyojifunza tunayaleta hapa, kwa kuwa huenda kesho karatasi ikaja kwako.

KIINGEREZA HUULIZA MAPEMA

Somo la kwanza lilitushangaza. Katika Kiswahili tunasema "mtoto amelala, ameshiba, ametapika", na hapana aliyesema kama ni wa kike au wa kiume. Lumasaaba na Lusamia ni hivyo hivyo. Kiingereza hakikubali. Kabla hujaeleza ugonjwa sharti useme "he" au "she". Na kadi ya kliniki ina vyumba viwili tu, "M" kwa mume na "F" kwa mke. Kwa wazazi wengi hilo si tatizo. Kwa baba yule, taabu ilianzia hapo hapo mezani kwa karani.

Mambo haya yamefika hata mahakamani. Nchini Kenya, mtoto aliyejulikana kwa jina la "Baby A" alizaliwa mwaka 2009, na katika karatasi za hospitali mahali pa jinsi paliwekwa alama ya kuuliza. Mama yake alishtaki, na Desemba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi ikaiagiza serikali itafute njia ya kuwaandikisha na kuwalinda watoto wa namna hiyo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kenya iliwahesabu peke yao kwa mara ya kwanza, wakapatikana watu 1,524. Hapana shaka wengine walifichwa nyumbani.

MANENO MATATU YASICHANGANYWE

"Sex" ni jinsi ya mwili: viungo, damu ya urithi, na homoni. Homoni ni maji ya tezi yanayoamrisha mwili ukue vipi.

"Intersex" ni mtu aliyezaliwa na mwili usioingia sawasawa katika chumba cha kike wala cha kiume. Watu wa pwani humwita huntha. Siku hizi Kenya husema mtu mwenye jinsi tata. Kwa wengine hali hii huonekana siku ya kuzaliwa, kwa wengine wakati wa balehe, kama kwa mtoto wa mwenzetu. Neno la zamani "hermaphrodite" bado limo katika sheria ya Uganda ya kuandikisha watu ya mwaka 2015, lakini wenyewe wengi huliona ni tusi. Madaktari waliokutana Chicago walipendekeza liachwe, na pendekezo hilo lilichapishwa mwaka 2006.

"Gender identity" ni namna mtu anavyojijua moyoni, kwamba mimi ni mwanamume au ni mwanamke. Wako vijana ambao mwili wao hauna utata wowote, lakini wanavyojijua hakulingani na mwili huo. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, huita hali hiyo "gender incongruence", na limeiondoa katika fungu la magonjwa ya akili.

Ukichanganya maneno haya mbele ya daktari, unaweza kujibiwa swali ambalo hukuuliza.

MANENO YA MATIBABU

"Emergency" ni dharura. Lishike hili kuliko yote. Wako watoto wachanga ambao utata wa viungo vyao unatokana na tezi zilizo juu ya figo. Baadhi yao hupoteza chumvi mwilini, hutapika, hunyong'onyea, na wanaweza kufa katika majuma ya kwanza. Hao wanahitaji dawa kila siku, na wanahitaji upesi. Mzazi asikae nyumbani kwa haya wala asingoje mganga. Aulize: "Je, mtoto huyu anapoteza chumvi?"

"Surgery" ni upasuaji. Upo unaookoa maisha, kama mtoto hawezi kukojoa. Upo mwingine wa kubadilisha sura ya viungo tu, na huo kwa kawaida waweza kungoja. Tangu miaka ya 1950 madaktari wa Ulaya na Marekani waliwapasua watoto wachanga ili wafanane na upande mmoja. Wengi wa watoto hao wamekua na kulalamika kwamba walichukuliwa kitu wasichoulizwa. Malta ilipiga marufuku jambo hilo mwaka 2015. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inakataza kubadilisha au kuondoa kiungo cha mtoto mwenye jinsi tata bila ushauri wa daktari wa mambo ya urithi. Sheria hiyo hiyo inakataza kumtahiri mtoto wa kiume kwa nguvu. Nasi watu wa Masaba, ambao kila mwaka wa shufwa tunasikia ngoma za imbalu, tufikiri: kijana mwenye mwili wa namna hii anaingojaje siku ile ya kusimama mbele ya kijiji kizima?

"Puberty blockers" ni dawa za kuchelewesha balehe. Hutumika kwa mtoto aliyeanza kubalehe mapema mno, na hapo hakuna ubishi mkubwa. Zimetumika pia kwa vijana wale ambao wanavyojijua hakulingani na mwili, na hapo madaktari wa dunia wamegawanyika. Uingereza mwaka 2024, baada ya uchunguzi ulioongozwa na Daktari Hilary Cass kuona ushahidi ni dhaifu, hospitali za umma ziliacha kuwapa vijana hao dawa hizo kwa kawaida. Baadhi ya vyama vya madaktari vya Marekani viliendelea kuziunga mkono. Basi akikuambia mtu kwamba jambo hili limekwisha amuliwa, mwambie bado.

"Irreversible" maana yake hairudi nyuma. Kila ukiambiwa matibabu, uliza kama yanarudi nyuma au hayarudi.

"Consent" ni idhini yako mzazi. "Assent" ni kukubali kwa mtoto mwenyewe. Mtoto wa miaka 13 ana masikio na ana kinywa. Naye aulizwe.

MASWALI MATANO YA KUBEBA

Tuliyaandika ubaoni, kila mmoja akanakili:
1. Je, ni dharura?
2. Tukingoja, kutatokea nini?
3. Je, inarudi nyuma?
4. Mtoto mwenyewe ameelezwa kwa lugha anayoijua?
5. Nani atatutafsiria kabla hatujatia sahihi?

Swali la tano ndilo la chama. Kuanzia sasa mwanachama yeyote wa tawi letu anayeitwa kutia sahihi hospitali anaweza kuomba mwenzake wa kumsindikiza. Anayesindikiza haamui, anasoma na kutafsiri tu. Na siri ya mtoto haitoki nje: si kwa nyapara, si kilabuni, si kwa jirani. Wako wasemaji ovyo wanaoita hali hii laana au uhuni. Mtoto hakujiumba, na kuzaliwa si kosa la mtu.

ILIVYOKWISHA, NA BADO

Mkata miwa wetu alirudi hospitali na maswali matano kwenye karatasi. Siku hiyo alimkuta daktari mwingine, akaketi nao nusu saa nzima. Ilibainika kwamba hapakuwa na dharura. Wakapewa barua ya rufaa ili damu ipimwe kwanza. Karatasi ya upasuaji ikabaki bila dole gumba.

Mtoto naye aliulizwa, kwa Kiswahili. Alinyamaza kitambo, kisha akasema hataki kukatwa chochote kabla hajajua yeye ni nani, ila anataka kurudi shule. Mama alilia. Baba alitutolea nauli yetu ya boda ingawa tulikataa.

Vipimo havijakwisha, na safari ni ndefu kwa mtu anayelipwa kwa tani. Tawi limeanza mchango wa nauli. Atakayeweza alete kwa mweka hazina, naye asiulize ni wa nani. Darasa la Jumapili linaendelea, saa tisa alasiri. Njooni na madaftari.

Umoja wetu usiishie kwenye mshahara.