Kitenzi cha Karaini

Zebaki ikimiminwa ndani ya karai haitulii. Inakimbia huku na huku kwa vitone vyeupe, inagawanyika, inakutana tena, na kila ipitapo juu ya mchanga mweusi inazoa chembe za dhahabu ambazo jicho halikuziona. Mama niliyemkuta akiosha dhahabu Macalder, kule Nyatike, anaisukasuka kwa vidole vitupu mpaka aisikie imekuwa nzito. Kisha anaifunga katika kitambaa na kuikamua kwa nguvu. Kinachobaki ni kidonge cha rangi ya fedha, kigumu kidogo, kinachotosha ncha ya kidole.

“Sasa zimeoana,” akaniambia. “Usiniulize nani mume.”

Jibu hilo lilinikaa kichwani. Kazi hiyo Waingereza huiita amalgamate, kitenzi ambacho siku hizi husikika zaidi kampuni zinapounganishwa kuliko machimboni. Umbo lake kongwe limo kwa Geoffrey Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, katika kisa cha mtumishi anayeumbua utapeli wa wanaalkemia, waliodai kugeuza metali nyingine kuwa dhahabu. Lilitoka kwenye Kilatini, amalgama. Nyuma ya hapo wataalamu hawapatani. Wapo wanaolipeleka kwa Wagiriki: malagma, dawa laini ya kubandika. Wapo wanaoshuku Kiarabu, amal al-jam'a, kazi ya kuunganisha. Hapo Mswahili hahitaji kamusi. Amali tunayo, jamii tunayo. Na jimai, ambalo hatulitaji mbele ya wakwe, ni la mzizi huohuo. Hakuna aliyethibitisha. Mimi namwegemea mama.

Ila ndoa yenyewe haifiki jioni. Kidonge huwekwa juu ya makaa. Kwenye nyuzi 357 za Selsiasi zebaki huchemka, ikapaa na kuiacha dhahabu peke yake, ya manjano, yenye vitundu. Mvuke unaingia mapafuni, na baadaye kwenye ubongo na figo. Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki ulipitishwa mwaka 2013, na Kenya ni miongoni mwa waliotia saini. Nikamuuliza mama kama habari hizo zimemfikia.

“Mwanangu, sumu naijua,” akasema, akipepea jiko. “Lakini anayenunua dhahabu yangu ndiye anayeniletea zebaki. Nikimkatalia hiyo, hii nitamuuzia nani?”