Kuvimba Si Urembo, Mama Kija!

"Mimba imekupenda, shoga!" Ndivyo wanavyosema mtaani kwetu wakimwona mjamzito amevimba uso na miguu mpaka kandambili hazimwingii. Nimeyasikia kwa masikio yangu. Wanacheka, wanagongeana mikono, yanaisha. Jamani, hapo si pa kucheka.

Msomaji wangu, kifafa cha mimba hakiletwi na mapepo wala mke mwenza. Kinaanzia kwenye kondo la nyuma. Kondo likikosa damu ya kutosha, linamwaga kwa wingi protini iitwayo sFlt-1. Huyo ni mkorofi! Anaikamata protini nyingine, PlGF, ambayo kazi yake ni kuitunza mishipa ya damu. Mishipa ikikosa matunzo, presha inapanda na figo zinavujisha protini kwenye mkojo. Mambo yakizidi, mama anaanguka kifafa.

Mwaka 2003 Dk. Ananth Karumanchi na wenzake wa Boston, Marekani, ndio waliomfichua mkorofi huyo. Siku hizi maabara kubwa zinapima protini zote mbili na kugawa sFlt-1 kwa PlGF. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa jibu likiwa 38 au chini yake, si rahisi ugonjwa kumtokea mama ndani ya wiki moja. Mwezi Mei 2023 Marekani nayo ikaidhinisha kipimo cha aina hiyo kwa wajawazito waliolazwa kwa presha.

Najua utaniuliza: "Sasa sisi wa zahanati tutakipata wapi?" Kweli, zahanati nyingi za kwetu hawana. Lakini dada, mashine ya presha na kikopo cha mkojo bado vinaokoa. Mimba ikipita wiki 20, presha ikifika 140 kwa 90, hiyo si ya kurudi nayo nyumbani kimya kimya. Kichwa kikigonga, macho yakiona vimulimuli, au ukiumwa chini ya mbavu, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda leo leo!

Uliwahi kuugua mimba iliyopita? Mwambie daktari mapema. Kuna aspirini ya dozi ndogo inayoanzwa baada ya wiki 12, ila usijinunulie mwenyewe dukani.

Nanyi akina baba, hela ya bia mbili inatosha nauli ya kliniki. Au nasema uongo?