Kwa Nini Jeshi Kubwa Lilishindwa katika Mto Fei, Mwaka 383



Tulipokuwa tukisoma habari za vita vya Badr, ambapo Waislamu wapatao 313 waliwakabili watu wapatao 1,000, mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono akauliza: "Ustadhi, na mataifa mengine yamewahi kupatwa na jambo kama hili? Wachache wakawashinda wengi?" Tulimjibu kwa kifupi kuwa ndiyo. Akauliza tena: "Sasa wale wengi walishindwa kwa sababu gani?" Hapo kengele ikalia. Tulimwahidi kuwa tutalijibu swali lake humu, na ahadi ni deni.

Tumechagua kisa cha nchi ya China, kilichotokea karibu miaka 190 kabla ya kuzaliwa Mtume Muhammad (S.A.W.). Tumekichagua kwa sababu hesabu yake inashangaza. Kwa mujibu wa vitabu vya tarikh vya Wachina wenyewe, upande mmoja ulikuwa na askari wa miguu 600,000 na wapanda farasi 270,000. Upande wa pili ulikuwa na askari 80,000 tu. Wanahistoria wa leo wanaziona hesabu hizo za jeshi kubwa kuwa zimetiwa chumvi, na sisi tunaona wana haki ya kutia shaka. Lakini hata ukipunguza nusu, bado tofauti ni kubwa mno.

Kwanza tuwajue wenyewe. China wakati huo ilikuwa vipande viwili. Ufalme wa Jin ulikuwa umetawala nchi nzima, kisha ukapoteza miji yake mikuu ya kaskazini, Luoyang mwaka 311 na Chang'an mwaka 316. Watu wengi wakakimbilia kusini ya Mto Yangtze, na tangu mwaka 317 Jin ikawa inatawala kutoka Jiankang, mji ambao leo unaitwa Nanjing. Kaskazini yakabaki mapigano ya makabila na wafalme wadogo, huyu akianguka yule akisimama.

Katika hali hiyo akatokea Fu Jian, mfalme wa dola ya Qin, mtu wa kabila la Wadi. Alishika ufalme mwaka 357 akiwa kijana. Hakuwa mfalme mjinga wala dhalimu, na hili tunapenda lieleweke, maana watu hudhani kila aliyeshindwa alikuwa mpumbavu. Alipenda elimu, alimpa madaraka waziri hodari aitwaye Wang Meng, na maadui aliowashinda aliwasamehe, akawapa vyeo na nyumba katika mji wake. Mwaka 370 aliiteka dola ya Yan ya Waxianbei. Kufikia mwaka 376 kaskazini yote ilikuwa mikononi mwake. Ikabaki Jin peke yake huko kusini.

Wang Meng alifariki mwaka 375. Akiwa kitandani alimuusia bwana wake asiishambulie Jin, na akamtahadharisha kuwa hatari yake haiko kusini. Iko nyumbani, kwa Waxianbei na Waqiang aliowashinda na kuwaweka karibu naye. Fu Jian alimlilia sana waziri wake. Wasia hakuufuata.

Mwaka 382 aliwakusanya wakubwa wa dola kuwataka shauri, na karibu wote walikataa. Mmoja alimkumbusha kuwa Mto Yangtze ni kizuizi kikubwa. Fu Jian akajibu kuwa askari wake ni wengi kiasi kwamba wakitupa mijeledi yao mtoni, maji yatasimama. Maneno hayo Wachina wanayataja mpaka leo.

Ndugu yake, Fu Rong, alibaki naye faragha akamsihi huku analia. Alisema askari wamechoka kwa vita vya kila mwaka, tena wanaogopa. Akaongeza jambo zito zaidi. Mwaka 380 mfalme alizitawanya familia 150,000 za kabila lake mwenyewe, akazipeleka kulinda majimbo ya mbali, na makabila yaliyoshindwa ndiyo yakabaki yamejaa kuuzunguka mji mkuu. Ukiondoka na jeshi, alimwambia, nyuma yako unamwacha nani? Mrithi wa ufalme naye alikataa vita. Mtu mkubwa aliyemtia moyo alikuwa Murong Chui, mwana wa wafalme wa Yan iliyotekwa. Huyu alimwambia mfalme mkubwa hana haja ya kuuliza watu wengi. Fu Jian akafurahi, akampa zawadi ya hariri. Hebu fikirini: ndugu yake wa damu hakusikilizwa, akasikilizwa mtu ambaye dola ya kwao ilikuwa imetekwa na huyo huyo anayemshauri.

Mwaka 383 watu wakaandikishwa kwa nguvu, katika kila wanaume kumi akachukuliwa mmoja. Jeshi likaondoka Chang'an. Na hapa ndipo jibu la mwanafunzi wetu linapoanza, kwani zile hesabu kubwa hazikupata kusimama mahali pamoja hata siku moja. Askari walitoka pembe zote za dola. Wengine walikuwa wakishuka kwa vyombo kutoka magharibi, na wengine wakija kutoka kaskazini mashariki. Mfalme alipofika Xiangcheng, askari wa jimbo la mbali la Liang ndio kwanza walikuwa wamefika Xianyang, jirani ya mji mkuu alioutoka yeye. Kilichofika mbele kilikuwa kikosi cha Fu Rong, kinachotajwa kuwa na watu wapatao 300,000, na hao nao waligawanywa sehemu mbalimbali.

Upande wa Jin, waziri Xie An alimweka mdogo wake, Xie Shi, kuwa amiri wa askari 80,000. Mbele yao akamweka Xie Xuan, mtoto wa ndugu yake. Xie Xuan alikuwa ameunda jeshi lake tangu mwaka 377, na wengi wa askari wake walikuwa watoto na wajukuu wa wale waliokimbia kaskazini. Walifanya mazoezi pamoja, walijuana kwa majina, na walijua kwamba wakishindwa hakuna kusini nyingine ya kukimbilia.

Fu Rong aliuteka mji wa Shouyang, kisha akatuma askari 50,000 kuziba njia kwenye kijito cha Luo. Mfalme akaona mambo ni mepesi. Akaliacha jeshi kubwa nyuma, akaja mbio na wapanda farasi 8,000 tu. Alipofika Shouyang akamtuma mjumbe kwa watu wa Jin awashauri wasalimu amri. Mjumbe huyo alikuwa Zhu Xu.

Tusimame kidogo kwa Zhu Xu. Alikuwa mkuu wa Jin aliyeulinda mji wa Xiangyang dhidi ya jeshi la Qin kwa karibu mwaka mzima. Katika mazingira hayo mama yake mzazi, Bibi Han, aliukagua ukuta akaona pembe moja ni dhaifu. Akawaongoza wajakazi wake na wanawake wa mji kujenga ukuta wa pili kwa ndani. Pembe ile ilipobomoka kweli, askari wakajikinga kwenye ukuta wa wanawake. (Wasichana wa madrasa yetu bila shaka watakipenda kipande hiki.) Mji ulianguka mwaka 379 kwa hiana ya ofisa mmoja, na Zhu Xu akatekwa. Fu Jian alipenda uaminifu wake, akampa cheo.

Basi huyo ndiye aliyetumwa. Alipofika kwa Xie Shi alimwambia siri: jeshi lote la Qin likikusanyika hamliwezi, lipigeni sasa kabla halijafika. Liu Laozhi akachukua askari 5,000, akawavamia usiku wale 50,000 wa kijito cha Luo, akawatawanya. Watu 15,000 wanasemekana kufa hapo. Fu Jian alipanda ukuta wa Shouyang na kutazama mlima wa Bagong, na kila mti na kichaka akakiona kama askari wa Jin.

Majeshi yakasimama yanatazamana, Mto Fei katikati. Watu wa Qin walijipanga ukingoni kabisa, hata mtu asiweze kuvuka. Xie Xuan akapeleka ujumbe: rudini nyuma kidogo tupate nafasi ya kuvuka, tupigane tuyamalize. Wakuu wa Qin walisema tusikubali, sisi ni wengi, tuwazuie hapa hapa. Fu Jian na Fu Rong wakaona ni fursa. Tutarudi kidogo, wakifika katikati ya maji tutawaangamiza.

Wengi hucheka wanaposimuliwa hapa. Sisi hatucheki, maana kumpiga adui aliye nusu majini ni fundisho la zamani la vita, na Sun Tzu amelitaja. Shauri lenyewe halikuwa baya. Ubaya ulikuwa kwa jeshi lililotakiwa kulitekeleza. Askari aliye ukingoni anaona mto na anaona adui hajavuka. Aliye nyuma, safu nyingi kutoka mtoni, haoni kitu. Habari zake anazipata kwa ngoma, kwa bendera, na kwa mgongo wa mwenzake aliye mbele. Ghafla migongo ile imegeuka kuwa nyuso, zinamjia. Nani atamweleza kuwa hii ni hila ya mfalme? Jirani yake ametoka jimbo jingine na anasema lugha nyingine, na wote wawili wamesikia habari ya kijito cha Luo. Akageuka, akakimbia. Wa nyuma yake naye vile vile.

Wakati huo huo Zhu Xu, aliyekuwa nyuma ya jeshi, akapaza sauti: "Qin wameshindwa! Qin wameshindwa!" Xie Xuan akavuka na askari 8,000 waliochaguliwa. Fu Rong alikimbiza farasi wake kwenda kuzuia watu, farasi akaanguka, naye akauawa. Basi hakukuwa na wa kuwazuia tena. Walikanyagana, walizama, walikimbia usiku na mchana, na waliposikia upepo na sauti za korongo walidhani ni adui anawafuata. Wengi hawakufa kwa upanga. Wamekufa kwa njaa na baridi, ilikuwa mwisho wa mwaka. Zhu Xu siku hiyo alirudi kwao.

Habari zilipofika Jiankang, Xie An alikuwa akicheza mchezo wa kete za Kichina na mgeni. Alisoma barua, akaiweka kando, akaendelea kucheza. Mgeni alipouliza, akamjibu kwa utulivu kuwa vijana wamemshinda adui. Alipoingia ndani baadaye, furaha ikamzidi hata akajikwaa kizingitini, kisigino cha mtalawanda wake kikavunjika asijue.

Fu Jian, amejeruhiwa kwa mshale, alikimbilia kwa Murong Chui, ambaye kikosi chake cha watu 30,000 hakikuguswa. Jamaa zake Murong Chui walimshauri amuue. Alikataa, akasema mtu huyu alinipokea nilipokuwa sina pa kwenda, akamrudishia askari wote. Lakini mwaka uliofuata, 384, aliusimamisha tena ufalme wa Yan kwa jina lake. Yao Chang, mkuu wa Waqiang, naye akaasi mwaka huo huo, na mwaka 385 akamkamata Fu Jian na kumuua. Kaskazini ikavunjika vipande vipande, na haikuunganika tena mpaka mwaka 439.