Je, Wajua? Kuzima Swichi Hakutoshi

Je, wajua kwamba fundi aliyefunzwa vizuri hupima mara tatu kabla ya kugusa waya aliouzima? Kwanza huijaribu testa yake mahali penye umeme, ahakikishe inafanya kazi. Kisha hupima waya anaotaka kuushika. Mwisho huijaribu tena testa pale pale pa mwanzo, maana testa mbovu husema "hakuna umeme" hata pale ulipo.

Kabla ya hapo, kila fundi hufunga swichi kuu kwa kufuli yake mwenyewe na kuning'iniza kibao chenye jina lake. Ufunguo hukaa mfukoni mwake. Wakiwa watano, kufuli ni tano, na umeme haurudi mpaka wa mwisho afungue yake.

Sababu ipo. Balbu ya wati 60 kwenye volti 230 hutumia takriban miliampea 260. Miliampea 10 tu zaweza kukaza misuli ya mkono ukashindwa kuachia waya. 100 zikipita kifuani zaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua.

Mwajiri, usimtume kijana kwenye paneli kabla hajafunzwa hatua hizi na kuzifanya mbele ya msimamizi.