Chuchu Husafiri na Kikonyo Chake

Msomaji mmoja ana matiti mazito. Kamba za sidiria zimemchimba mabega, na shingo inamuuma tangu anapoamka. Daktari amekubali apunguzwe, naye anatuuliza: “Chuchu wanaing’oa kisha wanairudisha? Nikija kuzaa nitanyonyesha?” Habari za gharama, nusukaputi na kulazwa atazipata hospitalini. Mimi nimenasa kwenye chuchu.

Kwa kawaida haing’olewi. Titi zito huteremka na chuchu yake, hivyo likipunguzwa ni lazima chuchu ipandishwe. Mpasuaji huchonga nyama na mafuta, lakini huacha kipande kimoja kinachoiunganisha chuchu na kifua, chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kipande hicho nakiita kikonyo. Mhariri akipendekeza “mkia” tutagombana, maana mkia haulishi kitu.

Mkulima akikuta boga limelala njiani halikati. Hulisogeza pembeni pamoja na kikonyo chake, nalo likaendelea kunenepa. Akikisokota, maji hayapiti; akikivuta mno, kinachanika; na kikiwa chembamba halafu kirefu, boga lililo mwishoni hunyauka. Mpasuaji naye hupima upana wa kikonyo dhidi ya urefu wake, kisha hukikunja polepole mpaka chuchu ikae mahali pake papya. Ana shida moja ambayo mkulima hana: damu iliyoingia sharti itoke. Mishipa inayoirudisha ina kuta laini, nayo ndiyo hubanwa kwanza. Chuchu ikianza kuwa ya zambarau, damu imekwama ndani, na huenda nyuzi zikafunguliwa haraka ili kikonyo kipumue.

Ndiyo maana sigara hukatazwa sana. Nikotini hubana mishipa midogo, ileile ambayo chuchu inaitegemea. Wapasuaji wengi hutaka mgonjwa aache angalau wiki 4 kabla ya upasuaji, na asirudie wakati wa kupona. Shisha na ugoro navyo vina nikotini, hata kama bibi hauhesabu ugoro wake kuwa tumbaku.

Kikonyo kipite wapi? Mwaka 1998 Elisabeth Würinger wa Vienna alieleza utando mwembamba unaoanzia usawa wa ubavu wa 5 na kukata titi kwa mlalo hadi kwenye chuchu. Mishipa ya damu hupita juu yake na chini yake, na pamoja nayo tawi la neva inayotoka kati ya ubavu wa 4 na wa 5. Yaani njia imo tayari mwilini! Neva hiyo ndiyo hupeleka habari ubongoni mtoto anapoanza kunyonya, na ubongo hujibu kwa homoni ya oksitosini inayosukuma maziwa yatoke. Kwa hiyo nguzo ya tezi na mifereji iliyo chini ya chuchu isipokatwa, nafasi ya kunyonyesha ni kubwa zaidi, ingawa maziwa yanaweza kupungua.

Matiti yakiwa makubwa kupita kiasi, kikonyo kingekuwa kirefu mno. Hapo chuchu hukatwa kweli na kupandikizwa kama kiraka cha ngozi, njia ambayo Max Thorek wa Chicago aliiandika mwaka 1922. Chuchu ya namna hiyo haitoi maziwa, na hisia zake hupungua sana. Basi swali la kwanza kwa mpasuaji lisiwe “utanipunguza kiasi gani?” bali “kikonyo changu kitatoka upande gani, na kikishindikana utafanyaje?”

Mengine kwa haraka: kovu mara nyingi huwa na umbo la nanga, na kama kwenu makovu huvimba na kukua, sema mapema. Ujauzito au unene unaweza kuyakuza matiti tena. Kulingana na umri, utaombwa picha ya mamografia kwanza. Nyama iliyotolewa hupelekwa maabara ya patholojia ikaguliwe kama ina saratani. Ulizia majibu yatatoka lini, na nani atakupigia.