Tabia ya Mtoto Inapobadilika: Msaada Huanzia Wapi?

Katika kata ya Kakese, Manispaa ya Mpanda, mzazi ambaye mtoto wake ameshikwa na homa hajiulizi aende wapi, huelekea zahanati. Lakini mtoto aliyekuwa mchangamfu anapoanza kujitenga, kukosa usingizi, au kushindwa masomo aliyoyaweza, mzazi huyo huyo hubabaika. Shuleni mtoto huitwa mvivu. Nyumbani pengine husemwa amerogwa. Wakati huo maradhi huendelea.

Akili haikutengana na mwili. Fikira, hisia na usingizi hutegemea kazi ya ubongo, nao ubongo huathiriwa na maradhi ya mwili kama unavyoathiriwa na msiba, hofu au mateso. Mtoto aliyeugua malaria ya ubongo aweza kupona homa, kisha akabaki na kifafa au ugumu wa kujifunza. Mwingine huduwaa darasani kwa nukta chache, mara nyingi kwa siku. Mwalimu hudhani hasikilizi, kumbe ni aina ya kifafa. Wa tatu hajibu kwa sababu masikio yake ni mabovu. Ndiyo maana uchunguzi wa kwanza ni wa mwili, na mlango wa kwanza ni ule ule wa homa, yaani zahanati.

Wengi wasikiapo maradhi ya akili huikumbuka Hospitali ya Mirembe, Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1927, wakaona mbele yao safari ndefu na aibu. Hata hivyo, mapema katika miaka ya 1980, Tanzania ilijaribu katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro kuwafundisha watumishi wa zahanati na vituo vya afya kuwahudumia wagonjwa wa akili na wa kifafa karibu na makwao. Shida inayoizidi zahanati hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi, iliyoko Mpanda.

Mwalimu aweza kumsaidia sana mganga kwa kuandika mambo matatu: mabadiliko yalianza lini, hutokea wapi, na mara ngapi. Huzuni baada ya msiba ni jambo la kawaida, nayo aghalabu hupungua kadiri siku zipitavyo. Lakini huzuni inayodumu majuma mawili au zaidi, ikamzuia mtoto kula, kucheza na kusoma, yahitaji uchunguzi. Sala na faraja ya jamaa zaweza kwenda sambamba na matibabu. Kumpiga au kumfunga kamba humzidishia mateso.

Jambo moja halingoji majuma mawili. Mtoto akisema kwamba anataka kufa, asiachwe peke yake. Dawa za kuulia wadudu wa mashambani ziondolewe karibu naye, na apelekwe kwa mganga siku ile ile. Kumwuliza kwa upole kama ana fikira hizo hakumtii wazo jipya. Humpa nafasi ya kusema.